Besi Iliyopotelea Sebuleni

Fundi bomba ana ugonjwa mmoja usio na dawa: akiambiwa kitu kimepotea ndani ya ukuta, hatulii mpaka akipate. Binti mkubwa wa nyumba hii tunayoingia alikuwa fundi bomba, tena wa wale wanaopigiwa simu wenzao wakishanyoosha mikono. Alikuwa na nondo nyembamba. Ncha moja aliiegemeza sakafuni, ncha ya pili kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na kwa nondo hiyo aliweza kukwambia maji yako yanavuja chini ya kigae cha ngapi kutoka mlangoni. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Mama yake naye alimwita Fundi, ila akiwa amekasirika tu.

Mwezi ule kilichopotea hakikuwa maji. Ilipotea besi, na ilipotelea sebuleni kwa wazazi wake, chumba cha hatua saba kwa tano, mchana kweupe, watu watatu wakiwa wameitolea macho.

Kaka yake, ambaye kazi imempeleka mbali na ambaye huona haya kwa kutokuja, alikuwa ametuma vitu viwili. Cha kwanza ni seti ya spika za kuangalizia sinema nyumbani: spika tano ndogo za kutundika ukutani na sabufa moja ya kutoa besi, boksi jeusi zito kama nusu mfuko wa saruji. Cha pili ni wimbo kwenye simu, dakika nne na kidogo, ulionakiliwa kutoka utepe wenyewe uliorekodiwa studio, si kutoka santuri. Spika hazikuwa na maneno. Wimbo ndio uliokuwa na maneno.

Zamani, kabla hajawa mtu wa mashine ya kusaga nafaka, Baba alipiga gitaa la besi kwenye bendi. Alipiga miaka miwili, na katika miaka hiyo bendi ilirekodi wimbo mmoja ambao mpaka leo watu wazima wakiusikia huacha walichoshika. Kila mtu anamjua mwimbaji wake. Wengi wanaweza kuliiga lile gitaa la mbele kwa midomo. Besi yake hakuna aliyewahi kuisikia. Redio za wakati ule zilikuwa na spika ya ukubwa wa kisahani cha kikombe, na kisahani hakitoi besi hata ukichape. Baba mwenyewe hakuwahi kujisikia. Alikuwa ndani ya wimbo maarufu kama mtu aliyepigwa picha akiwa nyuma ya mlango.

Na hapo ndipo Mama alipopata pa kumshikia.

"Baba yenu alikuwa kwenye bendi, sikatai," alizoea kusema mbele ya wageni, huku akimimina chai. "Mimi nilikuwa napika chai pale studio, nimemwona kwa macho yangu. Siku ya kurekodi nilimkuta nje, ameketi juu ya maboksi ya spika. Sasa mpiga gitaa anakaa juu ya maboksi kufanya nini? Alikuwa mbebaji!"

Wageni huvunjika mbavu. Baba naye hutabasamu, halafu husimulia upande wake, uleule, neno kwa neno. Kwamba utepe ulitosha kurekodi mara moja tu. Kwamba taa nyekundu iliwaka juu ya mlango, wakaanza, wakaenda vizuri mpaka ubeti wa tatu. Hapo mlango ukafunguliwa, akachungulia msichana mwenye birika la chai. Baba akageuka kumtazama, kidole kikateleza, akaacha mapigo mawili. Mapigo mawili tu. Mkuu wa bendi aliyasikia, na hakumwita tena siku nyingine ya kurekodi. Mwaka uliofuata Baba akaenda kwenye mashine ya kusaga, akakaa huko miaka thelathini na mmoja.

"Muongo huyo," Mama humalizia. "Taa nyekundu ikiwaka, hakuna aliyegusa ule mlango. Ningefukuzwa kazi siku hiyohiyo."

Watoto walikua na hadithi hizo mbili na hawakuwahi kuzipima. Zilikuwa burudani ya nyumba, basi.

Lakini sasa usikivu wa Baba ulikuwa unamtoka. Umri ulichukua sehemu yake, mashine ya kusaga ikachukua yake. "Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia," daktari wa masikio alisema. "Nzito bado anazo. Kama kuna anachotaka kusikia, asikie mapema." Akampa vifaa viwili vidogo vya kusikilizia, kila sikio na chake. Baba, aliyekuwa mtu wa maneno, akawa mtu wa "ndiyo, ndiyo." Umwambie mvua inakuja, ndiyo. Umwambie kuku kavunja kioo, ndiyo. Alikuwa anajitoa kwenye mazungumzo polepole, na Fundi aliliona hilo, likamuunguza moyo.

Kitu kimoja tu kilimrudisha, nacho ni habari za ule wimbo. "Nataka niisikie besi yangu mara moja kabla milango haijafungwa," alimwambia Fundi. "Na mama yenu awe ameketi hapahapa. Nikisikia peke yangu, itabaki kuwa maneno yangu." Ndiyo maana alikataa kusikiliza kwa spika za kuvaa masikioni. Isitoshe, zilivifanya vifaa vyake vipige mluzi.

Fundi aliifunga seti Jumapili mchana. Sabufa aliiweka chini ya televisheni, katikati ya ukuta wa mbele, mahali inapopendeza, na kabla hajachomeka hata waya mmoja Mama alikuwa ameshaitandikia kitambaa cha kufuma na kuiwekea chombo cha maua juu. Baba akaketi kwenye kiti chake. Kiti hicho kilikuwa katikati kabisa ya sebule, chini ya feni, na kilikuwa hapo tangu siku feni ilipofungwa. Watu walipiga deki kukizunguka.

Fundi akabonyeza. Mwimbaji akaja, msafi kama amesimama dirishani. Gitaa la mbele likaja, manyanga yakaja. Baba akafumba macho, akainamisha kichwa, akangoja. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwa mtu ambaye sauti nyembamba zimemkimbia, chumba kile kilikuwa karibu kimya. Fundi, aliyesimama nyuma ya kiti, hakusikia besi hata yeye mwenye masikio mazima. Maua tu ndiyo yaliyotetemeka.

"Si niliwaambia?" Mama akasema, lakini safari hii hakuna aliyecheka, wala yeye mwenyewe.

Baba alivua vifaa vyake vyote viwili, akavitia kwenye mfuko wa shati. "Zima tu, mama," alimwambia bintiye, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni. Kisha akatoka nje, akaketi akiipa nyumba mgongo.

Fundi aliumia. Vile vifaa viwili ndani ya mfuko wa shati vilimkaa rohoni wiki nzima. Jumatatu alimfuata Baba, akambembeleza mpaka akakubali kujaribu tena Jumapili ifuatayo. "Mara moja," Baba alisema, akionyesha kidole. "Ikishindikana, usiniite tena kwa habari za wimbo huo."

Sasa, hebu tufikiri na sisi. Sabufa ilikuwa inafanya kazi, ukiigusa ilitetemeka. Besi ilikuwa imetoka ndani ya boksi. Ilikwenda wapi?

"Ongeza sauti, dada," muuza spika alimwambia kwenye simu, na nadhani hilo ndilo lilikuwa jibu lake hata akiulizwa saa. Fundi akaongeza. Wimbo wa Baba hakuugusa. Alijiapiza kwamba hatausikia tena mpaka wausikie wote pamoja. Alijaribia nyimbo za vijana, zile zenye besi ya kutikisa madirisha. Chombo cha maua kikatembea chenyewe mpaka ukingoni mwa boksi. Jikoni vifuniko vya sufuria vikaanza kugombana. Fundi akaketi kwenye kiti cha Baba: hakuna kitu.

Hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa mama jirani, mikono imejaa povu la sabuni.

"Jamani, mna nini huku? Sisikii mwimbaji, sisikii maneno, nasikia du-du-du tu ukutani kwangu! Kitanda kinacheza!"

Fundi macho yakamtoka pima. "Unaisikia besi?"

"Naisikia? Inanitingisha meno!"

"Twende ukanionyeshe."

Mwanamke wa watu alikuja kulalamika, akajikuta anaongoza ukaguzi. Fundi alisimama chumbani kwake, sikio ukutani, na kweli: upande ule mwimbaji hakuwapo, gitaa halikuwapo, manyanga yalikuwa yamefia njiani. Besi peke yake ndiyo iliyovuka, nene, imetulia, kila noti mahali pake. Alirudi nyumbani mbio kama mtoto aliyeokota kitu.

"Mama! Ukuta unazuia kila kitu, unapitisha besi tu! Umewahi kuona jambo kama hilo?"

Mama alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. "Angalia viazi visiungue," akasema. Viazi vilikuwa mikononi mwake na jiko lilikuwa baridi, lakini Fundi alikuwa na mengine kichwani, hakumjali.

Alichukua chaki yake ya kazi, akaanza kutembea sebuleni muziki ukiwa unapigwa, hatua kwa hatua, akiweka alama sakafuni. Pembeni, mahali kuta mbili zinapokutana, besi ilinguruma mpaka kifuani. Kando ya ukuta ilisikika vizuri. Kadiri alivyosogea katikati ilipungua, na karibu na kiti cha Baba ilikufa kabisa. Hatua moja tu ilitosha, kama mtu anayetoka juani na kuingia kivulini. Baba alikuwa amepita akielekea bafuni. Alijifanya hana hili wala lile, lakini aliziruka zile alama za chaki moja moja asizifute.

Jibu lilikuja Jumatano, na lilikuja kazini. Fundi alikuwa ndani ya tangi la saruji la mteja, tangi refu, maji yamebaki mpaka magotini, anasukuma uchafu kwa brashi. Kila akisukuma, maji yalikwenda mpaka ukuta wa mwisho, yakarudi, yakaenda. Akaacha kusugua, akatazama. Kwenye ncha zote mbili za tangi maji yalipanda ukutani kiasi cha shubiri, yakashuka, yakapanda tena. Katikati ya tangi, mstari wa maji ulikuwa umenyooka vilevile, haupandi wala haushuki. Akasukuma tena. Ncha zikacheza, katikati ikatulia. Akasukuma mara kumi, mara ishirini.

"Fundi, unaosha au unacheza?" mwenye tangi aliuliza kutoka juu, kichwa kikiwa kimeziba mwanga.

"Vyote viwili," Fundi akajibu, akasukuma tena.

Maana aliiona sebule ya wazazi wake imejaa maji. Besi inakwenda ukutani inarudi, inakwenda inarudi, inapanda kwenye kuta na kutulia katikati. Na katikati, pale ambapo wimbi halipandi hata kidogo, ndipo feni ilipomketisha Baba miaka yote hiyo. Hakuna muuza spika ambaye angeweza kuongeza sauti ikamfikia.

"Kiti changu hakihami," Baba alisema Alhamisi, kabla Fundi hajamaliza sentensi. Mambo ya kiti aliyasikia bila kifaa.

"Hatua mbili nyuma tu, Baba. Jumapili moja."

"Na joto?"

"Nitakupepea mwenyewe."

Baba akasimama taratibu, na kiti kikahama. Chini yake sakafu ilikuwa na rangi ambayo chumba kizima kilikuwa kimeisahau.

Ikabaki sabufa yenyewe. Iwekwe wapi? Kuna mahali zaidi ya ishirini kwenye sebule, na boksi lile kulibeba mara ishirini ni kutafuta ugonjwa wa kiuno. Fundi alijikuna kichwa. Kwenye kutafuta maji yanayovuja, mtu hahamishi bomba, anahamisha sikio. Na kama sauti inaweza kutoka kitini ikafika pembeni, basi ikitoka pembeni itafika kitini kwa njia ileile. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi aliinyanyua sabufa, akaiketisha kwenye kiti cha Baba kama mgeni rasmi, akawasha muziki, kisha akapiga magoti na kuanza kutambaa kuzunguka chumba, ovaroli la kazi mwilini, chaki mdomoni, sikio karibu na sakafu.

Mama alirudi kutoka sokoni akamkuta katika hali hiyo.

"Umepoteza nini?"

"Besi."

"Fundi!" Ameshakasirika huyo. "Mtu mzima unatambaa! Na hilo dude limekaa kwenye kiti cha baba yako kwa ruhusa ya nani?"

Kicheko kikatokea mlangoni. Baba alikuwa amesimama pale, na alikuwa anacheka kweli, kwa mara ya kwanza tangu lini sijui. Akauliza nini kinaendelea. Fundi akamweleza kwa sauti ya juu na kwa mikono, tangi, maji, wimbi, kiti. Baba hakusema "ndiyo, ndiyo." Aliuliza maswali matatu, yote ya maana. Halafu akashika ukingo wa meza, akashuka taratibu mpaka magotini, na badala ya sikio akaweka kiganja sakafuni.

Wakaenda hivyo wawili, baba na binti, mmoja kwa sikio na mwingine kwa kiganja. Kwenye pembe Fundi akasimama. "Hapa, Baba! Sikia inavyonguruma!"

Baba akatikisa kichwa. "Inanguruma, lakini noti zimeshikana kama uji mbichi. Besi si kishindo, mama. Besi ni kila noti na nafasi yake." Akasogea kiasi cha mkono mmoja kando ya ukuta wa jikoni, kiganja kikipapasa. Akatulia. "Hapa zinatengana. Moja, ya pili, ya tatu. Umeona?"

Fundi akalaza sikio, akasikia kwamba ni kweli. Akamtazama baba yake pale chini, magoti vumbi tupu, akajiuliza mbeba maboksi amejifunza wapi kutenganisha noti kwa kiganja. Swali hilo hakuwa amewahi kujiuliza, na aliona aibu.

Mahali penyewe palikuwa pa Mama. Hapo ndipo kilipokaa kigoda chake na kikapu cha nyuzi.

"Hapo hapaguswi," Mama akasema. "Tafuteni kwingine. Na kwani mnahangaika nini? Baba yenu ameshazoea. Mwacheni apumzike, mambo ya zamani yamepita." Sauti yake ilikuwa imepanda mno kwa ajili ya kigoda. Fundi alidhani ni ukaidi wa kawaida, akafungua mdomo abishane. Lakini Baba hakuwa amesikia hata neno. Bado alikuwa na kiganja sakafuni, macho ameyafumba. Mama alimtazama hivyo kwa muda mrefu. Kisha akainama, akachukua kikapu chake mwenyewe, akakihamisha.

Sabufa ikashuka kitini, ikawekwa pale juu ya mkeka uliokunjwa. Kitambaa na maua vikaondolewa. Nyuma ya boksi kulikuwa na swichi ndogo ambayo Fundi hakujua kazi yake. Akaigeuza upande mmoja, besi ikasinyaa. Akaigeuza upande wa pili, ikajaa. "Acha hapohapo," Baba alisema kutoka kitini.

Jumapili saa kumi, wakaketi. Baba kwenye kiti chake mahali papya, vifaa masikioni, shati limepigwa pasi. Mama kwenye kigoda chake karibu na dirisha, mikono mapajani, hana uzi wala sindano. Fundi akabonyeza, akarudi nyuma ya kiti.

Mwimbaji hakuwa amefungua mdomo bado. Besi ndiyo iliyoanza, na Fundi hakujua mpaka siku ile kwamba wimbo ule unaanza na besi. Ilikuja bila kishindo, bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Ilipita chini ya gitaa, ikamsubiri mwimbaji, ikampokea. Wimbo aliousikia maisha yake yote ulikuwa na sakafu, na hakuwahi kuiona.

Akatazama mkono wa Baba. Vidole vilikuwa vinacheza juu ya mbao ya kiti, navyo havikuwa vinaifuata besi. Vilikuwa vinaitangulia, kidogo tu. Vilijua kinachokuja.

Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Ubeti wa tatu ukaanza.

Du.

Kishindo kimoja, kizito, cha mbao. Hakikuwa cha chombo chochote. Na palepale besi ikakatika. Pigo la kwanza likapita tupu. La pili likapita tupu. Vidole vya Baba vilikuwa vimenyanyuka kutoka kwenye mbao, vinaelea hewani. Kisha vikashuka, na besi ikarudi pamoja navyo.

Wimbo uliisha. Fundi ndiye aliyeanza kusema, maana ufundi ulimzidi nguvu. Alikuwa ameshaanza kuikagua sabufa. "Kile kishindo ni cha nini? Kuna kitu kimeanguka?"

"Ni mlango," Mama akasema kwa sauti ndogo.

Baba akamgeukia. Aliona midomo imecheza. "Unasema?"

"Mlango."

"Sema kwa nguvu, mwenzangu. Sauti yako siipati."

Mama akasimama. Kuna maneno ambayo mtu hupanga kuyasema kwa kunong'ona, kitandani, siku ya mwisho. Mama wa watu ilimbidi ayapigie kelele saa kumi jioni, madirisha wazi.

"Ni mlango! Niliufungua mimi!"

Kwa jirani bomba lililokuwa linatiririka likafungwa.

"Taa nyekundu ilikuwa inawaka, niliiona! Nilikuwa kwenye kile kikorido na birika langu. Ukuta ule haukupitisha mwimbaji, wala gitaa, wala ngoma. Ulikupitisha wewe tu! Nikasimama pale mpaka chai ikaanza kupoa. Nikasema lazima nimwone huyu anayepiga hivi. Nafungua kidogo, nachungulia, nafunga. Ukaniponyoka mkononi!" Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa bado anapiga kelele, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. "Walipouliza nani kafungua, nikasema si mimi. Nikakukuta nje juu ya maboksi, umeshika kichwa. Halafu wakakuacha. Ningekirije kwamba ni mimi niliyekutoa kwenye bendi? Nikafanya mzaha. Mzaha ukawa mrefu mpaka nikakosa pa kuukatia!"

Fundi aliiachia ile sabufa. Alitafuta besi tu, akafukua na hili.

 Baba alimtazama mkewe tangu kichwani mpaka kwenye kandambili, kama vile yule msichana wa birika ndiyo kwanza amechungulia mlangoni.

"Chai yenyewe ilikuwa baridi kweli," akasema.

Mama alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kwa hiyo ulinisikia," Baba akasema tena, polepole. Halikuwa swali. "Miaka yote nasema hakuna aliyewahi kunisikia. Kumbe yupo mmoja, na nimekaa naye nyumba moja."

Mama akakivuta kigoda chake mpaka kando ya kiti, akaketi pale, bega kwenye mbao iliyokuwa inapigwa na vidole.

"Mama, rudisha," Baba akamwambia bintiye.

Fundi akarudisha wimbo mwanzo. Kisha akachana kipande cha boksi lililoleta sabufa, akasimama nyuma yao, akaanza kuwapepea.